Kuacha Sigara na Kutoirudia Tena

(Hotuba iliyosomwa msikitini baada ya sala ya Isha, siku za mwisho za mwezi wa Shaabani)

Twamshukuru Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na twamwombea rehema na amani Mtume wetu Mtukufu Muhammad (s.a.w.), pamoja na aali zake na masahaba zake.



Sisi tuliopewa nafasi hii ni watu wanne, na anayesoma ni mmoja kwa niaba ya wenzake. Hatumo katika masheikh, wala hatumo katika madaktari. Mmoja wetu ni seremala, wa pili ni dereva wa lori, wa tatu ni mwalimu mstaafu, na wa nne anauza samaki sokoni. Kinachotuunganisha ni kwamba sote tulivuta sigara kwa miaka mingi, sote tuliacha, na sote tulirudi. Tulipokaa siku moja tukahesabu mara tulizoacha, tulipata kumi na tisa kwa watu wanne. Kwa hiyo mkitafuta wenye ujuzi wa kuacha sigara mmewapata, na mkitafuta wenye ujuzi wa kuirudia, ni hawa hawa.

Hivi leo, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, aliye mchanga zaidi kati yetu ana miezi kumi na minne bila sigara, na aliyetangulia ana miaka sita. Imamu alipotuomba tuzungumze alitupa sharti moja. Alisema, “Habari ya madhara wamekwisha isikia, hata mtoto wa madrasa anaijua. Waelezeni habari ya kurudi.” Basi tutajitahidi kulishika sharti hilo, ingawa hatuwezi kuyaruka madhara kabisa.

Wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Bradford Hill, walianza mwaka 1951 kuwafuatilia madaktari wanaume zaidi ya 34,000 wa nchi yao, wavutaji na wasiovuta. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka 50, na matokeo yake ya mwisho yalitolewa mwaka 2004. Ilionekana kuwa aliyeendelea kuvuta hakuishi sawa na mwenzake asiyevuta. Alipungukiwa, kwa wastani, na miaka kama 10. Lakini hesabu hiyo hiyo ilionyesha kuwa aliyeacha akiwa na umri wa miaka 60 alijiokolea miaka ipatayo 3, aliyeacha akiwa na 50 miaka 6, aliyeacha akiwa na 40 miaka 9, na aliyeacha akiwa na 30 karibu yote. Umri umo mikononi mwa Mwenyezi Mungu, nasi hatusemi kinyume. Lakini na sababu pia ni zake, na ametuamuru tuzishike. Twaitaja habari hii kwa ajili ya wazee waliokaa safu ya mbele, ambao husema, “Mimi nimeshachelewa.” Hamjachelewa.

Ama kuhusu hukumu ya sheria, tumbaku haikujulikana Bara Arabu katika zama za Mtume Mtukufu (s.a.w.). Ilitoka Amerika, ikafika katika nchi za Kiislamu kwenye mwisho wa karne ya 16 na mwanzo wa karne ya 17, na tangu hapo wanazuoni wamejadiliana. Wako waliosema ni makuruhu, na wengi wa zama zetu, baada ya kudhihirika madhara yake, wamesema ni haramu, kwa kuwa Kurani Tukufu imetukataza kujitia wenyewe katika maangamizo. Nasi hatukusimama hapa kuwafundisha fiqhi. Tunasema tu kwamba kama Mtume (s.a.w.) alimtaka aliyekula kitunguu saumu kibichi asiwaudhi wenzake msikitini kwa harufu yake, basi sisi tuliosimama safuni tukinuka moshi tulikuwa tunajua tulilokuwa tukilifanya. Tulikuwa tunachelewa kuingia, tukisimama pembeni mwa safu, karibu na dirisha.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Ramadhani inakaribia, na tunajua kwamba wapo katika jamaa hii, wasiopungua kumi, ambao wamekwisha nuia moyoni: “Ramadhani hii naacha.” Nia hiyo ni njema. Seremala wetu aliinuia miaka saba mfululizo. Na asidhani mtu kwamba alikuwa mwongo. Alikuwa akiacha kweli, mchana na usiku, tangu kuonekana kwa mwezi hadi kuonekana kwa mwezi. Asubuhi ya Idi, baada ya sala, akiwa na kanzu mpya na kahawa mkononi, binamu yake humnyooshea pakiti, naye husema, “Leo ni sikukuu.” Miaka saba, pakiti ile ile, neno lile lile.

Tulipolitafakari jambo lake tulimwuliza: Uliacha sigara, au uliifunga? Akanyamaza, kisha akasema, “Niliifunga. Na kila saumu ina futari.”

Hapa pana kisa cha historia ambacho mwalimu wetu hupenda kukisimulia. Mwaka 1890 Mfalme wa Uajemi, Nasir al-Din Shah, alimpa Mwingereza mmoja, Talbot, haki ya pekee ya kununua na kuuza tumbaku yote ya nchi ile kwa miaka 50. Wafanyabiashara na wananchi wakakasirika. Mwezi Desemba 1891 ikatangazwa fatwa kwa jina la Mirza Hasan Shirazi, mwanachuoni mkubwa wa Kishia aliyekuwa akikaa Samarra huko Iraki, kwamba matumizi ya tumbaku kwa wakati ule ni haramu. Nchi nzima ikaweka viko chini. Watu walioshinda na kukesha na tumbaku vinywani wakaiacha ghafla, na hata ndani ya nyumba ya Shah mwenyewe watumishi na wanawake wakakataa kuigusa. Shah akashindwa, mkataba ukavunjwa mwezi Januari 1892, fatwa ikaondolewa. Na watu wakawasha viko vyao.

Hatukisimulii kisa hiki ili kuwacheka Waajemi, kwani walikusudia kuuvunja mkataba, nao wakauvunja. Bali twasema: tazameni jinsi nchi nzima ilivyoweza kuacha kwa muda mfupi, bila dawa wala mashauri. Kwa hiyo kuacha kunawezekana. Na tazameni kwa nini walirudi: sababu yao ya kuacha ilikuwa na mwisho, na mwisho ulipofika sigara, au tuseme kiko, kilikuwa bado kipo pembeni kinangoja. Seremala wetu sababu yake ilikuwa mwezi wa Ramadhani, na mwezi huandama. Dereva wetu sababu yake ilikuwa kikohozi, na kikohozi kikapona. Mwalimu aliacha mara moja kwa ajili ya harusi ya binti yake, asije akanuka mbele ya wakwe. Harusi ikapita.

Tueleze kidogo jinsi mwili unavyokwenda, kwa kuwa mtu asiyejua hudhani kuwa ana imani dhaifu ilhali ana ubongo kama wa watu wengine. Moshi unapovutwa, nikotini huingia mapafuni, ikapita katika damu, na kwa sekunde zipatazo 10 hadi 20 imekwisha fika ubongoni. Huko kuna vipokezi vinavyoipokea, na kwa mvutaji wa siku nyingi vipokezi hivyo huongezeka idadi, kama wageni wanaoletana. Baada ya saa mbili hivi nusu ya nikotini imeondoka katika damu, na wageni wale huanza kudai: hasira, kukosa utulivu, usingizi kuruka, njaa, huzuni isiyo na sababu. Dalili hizi huwa kali kupita kiasi siku ya pili na ya tatu baada ya kuacha, kisha hupungua kadiri wiki zinavyopita, na kwa walio wengi wiki ya nne huwakuta wametulia. Vipokezi vyenyewe hurudi katika idadi ya kawaida kati ya wiki ya 6 na ya 12.

Hapo ndipo mtaona upungufu wa Ramadhani tunayoifunga mchana peke yake. Kwetu pwani, mwaka mzima, saumu haipungui sana wala kuzidi sana saa 13 na nusu. Kwa saa hizo mvutaji hukaa bila sigara, akafanya kazi, akasali, wala hafi. Huo ni ushahidi mkubwa juu yake. Lakini akishakula tende na uji hutoka barazani akavuta tatu mfululizo, na nyingine kabla ya daku. Mchana anawanyima wageni wale, usiku anawakaribisha upya. Siku thelathini zikipita hakuna hata mmoja aliyeondoka.

Basi mtu atauliza: ikiwa baada ya miezi mitatu mwili umekwisha tulia, mbona mwalimu alirudi baada ya miezi kumi na mmoja? Swali hili ndilo lililotukalisha mkekani kwa mara ya kwanza. Mwili husamehe mapema. Kumbukumbu haisamehi. Kiti kile, saa ile, rafiki yule, harufu ya kahawa, kila kimoja kimefungwa pamoja na sigara kwa miaka ishirini, na hakifunguki kwa miezi mitatu. Tuliamua kila mtu aeleze, bila kuficha na bila kujitetea, jinsi alivyoanguka. Tumepata ruhusa ya kila mmoja kuyasema haya mbele yenu.

Dereva alikuwa na miezi mitano. Alikuwa katika foleni ya malori Tunduma, siku ya pili, jua kali, hana la kufanya. Utingo wake akanunua sigara mbili kibandani. Mnajua vibanda vyetu: sigara huuzwa moja moja, na kibiriti kimefungwa kwa uzi kwenye nguzo ili kila mpita njia ajiwashie. Mwenye kutaka kurudi hahitaji hata kuwa na bei ya pakiti. Dereva alisema moyoni, “Hapa hakuna anayenijua.” Akavuta.

Mwalimu alifiwa na kaka yake. Baada ya maziko, usiku, watu wamekaa mkekani, mzee mmoja anayeheshimika alimwona amejiinamia, akamkaribia na kumwekea sigara mkononi. “Vuta, mwanangu, upunguze mawazo.” Hakuna awezaye kumlaumu mzee yule, alitoa alichokuwa nacho, kwa huruma. Mwalimu asema hilo ndilo lililomwangusha, kwani aliona haya kuikataa huruma. Na asema tena: “Kaka yangu alibaki amekufa, na mimi nikawa nimerudi.” Ilimchukua miaka minne mingine kuacha.

Lakini kisa cha muuza samaki ndicho tunachotaka mkisikilize zaidi, maana ndicho kilichotufundisha kuliko vyote. Huyu hakuwa na dhiki yoyote. Alikuwa na miaka miwili bila sigara, biashara inakwenda vyema, afya njema, watu wanamsifu. Siku moja akajiambia kwamba amekwisha pona, na mtu aliyepona aweza kuvuta moja na kuiacha, kama vile mtu mwenye akili anavyoweza kula kipande kimoja cha halua. Akanunua moja, akavuta. Na kweli, ndugu zangu, aliweza! Hakuvuta nyingine kwa wiki mbili. Akafurahi kwamba amelishinda jambo lililowashinda wengine. Baada ya wiki mbili akavuta nyingine, kwa kuwa imethibitika haina madhara kwake. Kisha ikawa moja kila Ijumaa jioni. Kisha akaona si vibaya na Jumapili. Mwezi wa tatu alikuwa na pakiti moja kwa siku, kama vile ile miaka miwili haikuwapo.

Kilichomwangamiza si kwamba sigara ile moja ilimshinda. Kilichomwangamiza ni kwamba yeye aliishinda. Lau angalirudi kwenye pakiti siku ile ile angalishtuka na kukimbia. Tangu alipotusimulia haya, tulilifuta neno “moja tu” katika mazungumzo yetu. Kwa mtu aliyekuwa mraibu hakuna sigara moja. Iliyopo ni ya kwanza.

Kutokana na visa hivyo tulibadili namna yetu. Kwanza tulibadili maneno. Zamani tulikuwa tukisema “ninajaribu kuacha,” na mwenye pakiti huelewa kuwa hapo pana nafasi, hivyo hushawishi. Tukajifunza kusema, “Ahsante, sivuti,” basi, bila maelezo, bila kuanzisha mjadala. Pili, tuliacha kutangaza. Mwalimu asema kwamba mara ya tano alipomtangazia mkewe habari njema ya kuacha, mkewe aliendelea kupepeta mchele wala hakuinua macho, alisema tu, “Inshallah.” Mara ya sita mwalimu hakusema neno. Wiki ya saba mkewe ndiye aliyeuliza, tena kwa sauti ya chini, kana kwamba akisema kwa nguvu litavunjika.

Tatu, tulikumbuka jinsi watu wa Madina walivyofanya ilipoteremka amri ya kukataza ulevi. Hawakuifunika mitungi na kuiweka uani hadi waone itakuwaje. Waliimwaga mvinyo njiani. Nasi kila mmoja wetu alikuwa na pakiti ya akiba: seremala juu ya kabati la zana, dereva nyuma ya kiti, muuza samaki ndani ya mfuko wa koti la mvua. Tulizitoa tukazilowesha maji. Visahani vya majivu tukavitupa. Kanzu na mapazia yakafuliwa.

Hamu inapokuja, huja kama wimbi. Haikai sana; dakika chache tu, aghalabu tatu hadi tano, kisha hupungua, ujapoitikia au usipoitikia. Tulizoea kwenda kutia udhu. Mtu akishatia udhu na kusali rakaa mbili, wimbi limekwisha pita. Dereva, ambaye hawezi kusimamisha lori kila wimbi lijapo, huweka miswaki na karafuu mbele ya usukani, na mkono uliozoea kushika sigara hushika mswaki. Ni sunna, na ni bei nafuu.

Kuna jambo la kahawa ambalo hatukulijua mpaka daktari mmoja alipotueleza, nalo lawahusu sana watu wa baraza. Moshi wa sigara huliamsha ini liondoe kafeini upesi zaidi mwilini. Mtu akiacha sigara, ini hurudi katika mwendo wake, na vikombe vile vile vya kahawa alivyovizoea huacha kafeini nyingi zaidi katika damu. Moyo humwenda mbio, mikono hutetemeka, usingizi hukimbia, naye husema, “Ni sigara hiyo, mwili unaidai.” Kumbe ni kahawa! Sisi tulipunguza vikombe kwa nusu, na miezi ya mwanzo tulilihama baraza la kahawa, tukawaeleza wenzetu sababu. Wako walionuna.

Kuhusu dawa. Wako wanaoona aibu kutumia dawa, wakisema mwanamume huacha kwa nia. Nasi tulisema hivyo mara kumi na tano za mwanzo. Tafiti zilizokusanywa na kutolewa mwaka 2004 zilionyesha kuwa kati ya watu 100 wanaoacha kwa nguvu zao peke yao, ni 3 hadi 5 tu ambao baada ya miezi sita hadi mwaka wanakuwa bado hawavuti, na wengi wa wanaorudi hurudi katika siku nane za mwanzo. Na uchunguzi wa Kanada uliotolewa mwaka 2016 ulikadiria kuwa mvutaji aweza kuhitaji kujaribu mara 30 au zaidi kabla hajatimiza mwaka mzima bila sigara. Tulipoyasikia hayo tulifarijika, kwa kweli. Shirika la Afya Duniani liliingiza ubani wa kutafuna wenye nikotini na plasta za kubandika kwenye ngozi katika orodha yake ya dawa za lazima mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza vidonge vya bupropioni na varenikilini. Dawa hizi hazipatikani kila duka, na bei yake si ndogo. Ulizeni hospitali, hasa mwenye maradhi ya moyo au aliye mjamzito asitumie bila ushauri. Dereva wetu aliletewa ubani huo na ndugu yake aliyeko Muscat, akautumia kwa wiki kumi akipunguza kidogo kidogo. Haukuwa na lami ya moshi wala hewa ya sumu, nao ulimpa nafasi ya kupigana na kumbukumbu bila kupigana na mwili wakati huo huo. Bila shaka hautafunwi mchana wa Ramadhani. Na habari ya plasta kwa aliyefunga mwulizeni Imamu.

Wala mtu asijidanganye kwa kuhamia kwenye shisha, ugoro au sigara za umeme na kusema ameacha. Kuhusu shisha, taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2005 ilieleza kuwa kikao cha saa moja humwingizia mtu moshi mwingi mara 100 hadi 200 kuliko ujazo wa moshi wa sigara moja. Tunapita.

Tena tunajua kwamba wako ndugu zetu wa Urambo na Kaliua ambao ada za shule za watoto wao zimetoka katika mabani ya kukaushia tumbaku. Mwalimu wetu mwenyewe alilelewa hivyo. Hilo ni jambo zito na lahitaji hotuba yake.

Na misiba je? Tuliwekeana ahadi. Akifiwa mmoja wetu, wengine watatu huacha shughuli zao, hukaa ubavuni mwake siku zote za matanga. Kazi yetu ni kukaa kati yake na pakiti. Akina mama wa jamaa hii walitucheka mwanzoni walipotuona tumepangana kama polisi. Mwaka jana muuza samaki alifiwa na mama yake, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sigara ilipozunguka, ilipita mbele yetu sote wanne.

Linabaki jambo moja, nalo ndilo lililotufanya tuikubali nafasi hii. Tulipoanza kukaa mkekani hatukuwa wanne. Tulikuwa watano.

Wa tano alikaa nasi miezi ishirini bila sigara, na alikuwa hodari kuliko sisi. Yeye ndiye aliyetufundisha habari ya udhu na wimbi. Kisha akateleza. Alikuja Jumatatu kama kawaida, akakaa, akasema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba amevuta siku tatu. Sisi tulikuwa tumefundishwa kwamba mlango wa toba haufungwi kwa mja anayerejea kwa Mola wake, hata akikosea mara nyingi. Tulikuwa tumelisema hilo mkekani pale pale. Lakini mmoja wetu alicheka. Na mwingine akasema, “Tena?”

Neno hilo moja lilitosha. Jumatatu iliyofuata hakuja. Baadaye hakuonekana hata kwenye Isha. Tumesikia anasali msikiti mwingine, mbali, mahali ambapo hakuna anayeijua harufu ya zamani ya kanzu yake. Tulikwenda kwake mara mbili. Tuliambiwa hayupo, na viatu vyake vilikuwa mlangoni. Tukarudi.

Aliyecheka ni huyu anayewasomea maneno haya. Alimwomba radhi Mwenyezi Mungu, lakini aliyemkosea hajapata kumwomba radhi uso kwa uso. Siku tatu za sigara hazikuwa kurudi, ndugu zangu. Mtu aliyeteleza akatupa nusu iliyobaki, akaja kusema, huyo bado yumo njiani, na miezi ishirini yake haikufutika. Sisi ndio tuliomgeuza mtelezi akawa aliyerudi. Kwa hiyo twawaomba ninyi msiovuta, ambao hamjui wimbi likoje: akija mtu Ramadhani hii akisema ameacha, msimwulize ni mara ya ngapi. Na akija baada ya Idi akisema ameteleza, mpisheni mahali pa kukaa.

Jarida letu huwafikia watu wengi, hata wasiohudhuria hapa, na yamkini litamfikia. Twamwambia kwamba tunakutana bado kila Jumatatu baada ya Isha, baraza la upande wa kisima. Ramadhani tutakutana baada ya Tarawehe. Mkeka ni ule ule, wa watu watano, na upande wa karibu na nguzo hatujaukalia.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.